Nyumba Zote Zinachemsha Maji

Kazi ya kwanza ya Atupele kila asubuhi ilikuwa kuchemsha maji. Kabla jogoo hajamaliza kuwika, alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mafiga akipuliza moto mpaka machozi yakamtoka, kisha akabandika sufuria kubwa lililokuwa jeusi kwa masizi. Kitongoji cha Mlimani, katika kijiji cha Ilembwe huko Mbozi, kina baridi isiyo na adabu. Mwezi wa saba maji ya ndoo huuma vidole kama siafu. Mtu akikuambia ameoga maji ya baridi asubuhi ya mwezi huo, usibishane naye, mwonee huruma tu au mwite mwongo. Ndiyo maana alfajiri kila jiko lilifuka moshi, na kila mama alikuwa na sufuria lake la maji ya kuoga.

Maji yalipopata moto, Atupele alimpelekea baba yake bafuni, kisha naye akaoga, akavaa sare na sweta. Kabla ya kutoka alichota kikombe kwenye ndoo iliyokaa pembeni mwa mlango, akanywa akiwa amesimama. Hayo yalikuwa maji ya chemchemi, baridi na matamu, yaliyotoka ardhini moja kwa moja. Bibi yake alikunywa hivyohivyo, na mama wa bibi yake pia. Watu wa Mlimani waliisifu chemchemi yao kuliko hata kahawa yao, na mgeni aliyefika alipewa maji kabla hajaulizwa habari za alikotoka.

Atupele alisoma darasa la sita. Alikuwa na akili nyepesi na mkono mwepesi, na ubaya wake ni kwamba alilijua hilo. Mwalimu akiuliza, kidole chake kilikuwa juu kabla swali halijaisha. Wenzake walishazoea. Siku asipokuwa wa kwanza kumaliza hesabu alikwenda nyumbani amenuna kana kwamba ameibiwa.

Mwaka huo walipata mwalimu mpya wa sayansi, Mwalimu Mbonile, kijana mwembamba mwenye asili ya Ikinga, huko milimani Ileje. Mwalimu huyu hakupenda wanafunzi wakariri. Aliwaambia kwamba wanaweza kujua jambo ambalo halimo katika kitabu chochote, ili mradi walitafute kwa utaratibu. Kazi hiyo inaitwa utafiti, akasema, na haifanywi na wazungu wenye miwani peke yao. Ubaoni akaandika kwa herufi kubwa: KUULIZA SI UJINGA.

"Kwanza ujue hasa unataka kujua nini," aliwaambia. "Halafu uulize. Ukishauliza usiridhike, utazame kwa macho yako. Mtu anaweza kukujibu kweli tupu, lakini akawa amejibu swali ambalo wewe hukuliuliza. Na ulichokiona ukiandike, hata kama hukukipenda."

Atupele aliyaandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri, akayapigia mstari kwa rula. Kuandika hakukumshinda. Angeyaelewa siku hiyo, hadithi hii isingekuwapo.

Wiki iliyofuata alikuja shuleni Nesi Ferista wa zahanati ya kijiji. Alikuwa amepokea vidonge vya kusafisha maji ya kunywa, lakini vichache, vya kutosha kitongoji kimoja tu mpaka mwakani. Ilembwe ilikuwa na vitongoji viwili, Mlimani na Bondeni. Nesi alitaka kuwapa wale ambao hawachemshi maji ya kunywa, kwa kuwa hao ndio waliokuwa hatarini zaidi mvua zikianza. Yeye alikuwa peke yake zahanati, hakuwa na nafasi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba. Je, wanafunzi wangeweza kumsaidia kujua?

Mwalimu Mbonile alifurahi mno. Aliwapanga wanafunzi wawiliwawili. Jofrey na Tukuswiga walipewa Bondeni. Mlimani alipewa Atupele pamoja na Zabron, mvulana mpole aliyesema polepole na kutembea polepole, ambaye wenzake walimwita Kobe. Mwalimu aliongeza kwamba watakaofanya kazi nzuri zaidi ndio watakaosoma majibu mbele ya Nesi na viongozi wa kijiji. Maneno hayo yalimwingia Atupele kuliko mengine yote aliyofundishwa. Alijiona amesimama mbele ya wakubwa, sauti imenyooka, baba yake amekaa kwenye benchi la mbele.

Walianza jioni ileile. Ulikuwa msimu wa kahawa, na watu walikuwa uani kwenye vichanja, wakigeuza kahawa iliyoanikwa na kuchambua mbovu. Hakuna aliyekuwa na muda wa maneno mengi. Hilo lilimfaa Atupele. Alisimama penye uzio, akaamkia, akauliza, akaandika, akaondoka.

"Shikamoo mama. Mnachemsha maji?"

"Marahaba. Tunachemsha, mwanangu."

Nyumba ya kwanza ndiyo, ya pili ndiyo, ya tatu ndiyo. Ilikuwa raha kama kuchuma mapera yaliyoiva. Zabron ndiye aliyeanza kuburuza miguu. Walipotoka nyumba ya tano alisimama njiani, akasema kwamba Mwalimu aliwaambia wasiishie kuuliza. Alitaka waombe kuona chombo cha maji ya kunywa.

Atupele alimcheka. "Utaingia jikoni kwa mama wa watu ukachungulie ndoo yake? Atasema tumetumwa kumpeleleza. Bibi yangu angekufukuza na mwiko."

Kwa kweli hapo alisema jambo ambalo kila mtu wa Mlimani angeliunga mkono. Jiko la mtu lina heshima yake, na mtoto anayechungulia masufuria ya jirani huitwa mdaku. Zabron alikung'uta vumbi kwenye kaptura, akamfuata. Moyoni Atupele hakuwa akifikiria heshima ya jiko la mtu yeyote. Alikuwa akifikiria Jofrey na Tukuswiga, asije akapitwa nao.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Lucky, jirani yao wa karibu. Jina lake ni Tabita, lakini tangu ajifungue hakuna aliyemwita hivyo. Mume wake, Watson, alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye malori kule Tunduma, na alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Jina la mtoto alilitoa hukohuko mpakani, kwa wafanyabiashara wa Zambia. Aliambiwa kwamba Lucky maana yake ni mwenye bahati. Mtoto alikuwa na miaka minne, mweusi wa kung'aa, mwenye maneno mengi, na alimpenda Atupele kwa sababu Atupele ndiye aliyemfundisha kuhesabu.

Mama Lucky alikuwa ameinama kwenye kichanja, khanga ameifunga kifuani juu ya sweta. Atupele akamwamkia, akamwambia kwamba wako kwenye utafiti wa shule, akauliza swali lake.

"Tunachemsha, mwanangu," Mama Lucky alijibu bila kuinua kichwa. "Baridi hii, tusipochemsha tutapona?"

Atupele akaandika ndiyo. Wakati huohuo Lucky alitoka ndani taratibu, ulimi nje, amebeba kwa mikono miwili kikombe cha plastiki cha kijani kilichojaa pomoni. Mama yake alikuwa amemfunza kuwapa wageni maji, naye aliona fahari kuifanya kazi hiyo.

"Dada Atu, kunywa," alisema.

Atupele akanywa. Yalikuwa maji ya chemchemi, baridi ya kutia ganzi meno. Alimrudishia kikombe, akamshika mashavu, akamwambia ahsante sana mzee wangu. Lucky akacheka mpaka akamwaga yaliyobaki miguuni. Zabron alipewa zamu yake, akanywa kidogo, akakitazama kikombe kwa muda, akafungua kinywa kama mtu anayetaka kusema neno. Atupele alikuwa ameshafika njiani.

Siku ya kutoa majibu, Jofrey na Tukuswiga walikuja na karatasi iliyochafuka. Baadhi ya nyumba za Bondeni zilisema ndiyo, baadhi zilisema hapana. Nyumba moja ilisema ndiyo lakini ndoo ilikutwa wazi na kuku amesimama juu yake. Kwa mzee mmoja walifukuzwa, na hilo nalo wameliandika. Atupele aliitazama karatasi hiyo akajizuia kucheka. Ya kwake ilikuwa safi, imepigwa mistari kwa rula, na mwisho wake sentensi moja: Nyumba zote zinachemsha maji.

Mwalimu Mbonile aliisoma mara mbili. "Zote?" akauliza. "Hata moja haikusema hapana?"

"Zote, Mwalimu."

"Na mlitazama?"

Zabron aliinamisha macho. Atupele akasema, "Tulifika kila nyumba, Mwalimu." Halikuwa jibu la swali aliloulizwa, na alijua hivyo. Mwalimu alisita. Nje Nesi Ferista alikuwa akisubiri na viongozi wa kijiji, na mkuu wa shule alikuwa ameshachungulia dirishani kuwahimiza. Mwalimu akatia saini.

Atupele alisoma mbele ya wakubwa, sauti ikanyooka kama alivyoota. Watu wa Mlimani walipigiwa makofi kwa ustaarabu wao. Baba yake alikaa benchi la mbele, akatabasamu mpaka mwisho. Vidonge vikapelekwa Bondeni.

Mvua za kwanza zilishuka mwezi wa kumi na moja, nazo zilishuka kwa hasira. Maji yalitiririka kutoka mashambani, yakapita vyooni na mazizini, yakaingia chemchemini. Maji ya chemchemi yalibadilika rangi siku chache, kisha yakatulia yakawa meupe tena. Watu wakayachota kama kawaida, maana macho yao yaliona maji meupe.

Ugonjwa wa kuhara na kutapika ulianza nyumba za juu ukashuka nazo. Baba yake Atupele alilala kitandani, macho yameingia ndani, akinyweshwa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko mpaka akaweza kukaa. Bibi kizee mmoja alichukuliwa na wanawe kwa machela. Bondeni waliugua wachache tu.

Lucky aliugua asubuhi. Kufikia mchana alikuwa hasemi. Zahanati ilijaa, na Nesi Ferista alipomwona tu akasema apelekwe hospitali upesi. Bodaboda iliteleza kwenye tope mara mbili kabla ya kufika barabara ya lami. Mama Lucky alikuwa amempakata mtoto ndani ya khanga, akimwita, na yeye akiitikia kwa kufumbua macho. Baadaye hakuitikia. Dereva alisimamisha pikipiki pembeni, akavua kofia, naye mama akajua.

Watson alifika kutoka Tunduma jioni ya siku hiyo, na ndani ya mfuko wa rambo alikuwa na viatu vya mvua, vyekundu, vidogo. Alikuwa amevinunua ng'ambo ya mpaka kabla ya kupigiwa simu. Alikaa navyo mkononi usiku kucha, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumpokea viatu hivyo.

Baada ya maziko Nesi Ferista aliomba kusema na watu wa Mlimani kabla hawajatawanyika. Walikusanyika uani kwa Mama Lucky, wanaume upande mmoja, wanawake wameketi chini kwenye mikeka, watoto nyuma. Atupele alikuwa miongoni mwa watoto. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia, na mpaka dakika ile alilia kama mtu anayelilia msiba tu.

Nesi hakuwa mkali. Alikuwa amechoka. Alisema haelewi kitu kimoja. Vidonge vilipelekwa Bondeni kwa sababu Mlimani walisema wanachemsha maji. Sasa kama wanachemsha, ugonjwa huu umepita wapi?

Wanawake walitazamana. "Lakini tunachemsha, Nesi," alisema mmoja wao, akiwa ameudhika kidogo. "Kila siku tunachemsha. Mtu ataoga na nini hapa kwetu?"

Nesi Ferista akauliza taratibu, "Na ya kunywa?"

"Ya kunywa?" Mama yule aliduwaa. "Ya kunywa nani achemshe? Yananuka moshi. Hayanyweki."

"Hakuna aliyetuuliza ya kunywa," akasema mwingine. "Wale watoto waliuliza kama tunachemsha maji. Tukasema tunachemsha. Tulisema uongo?"

Hapana, hawakusema uongo. Hilo ndilo lililomkata Atupele maini. Katika kitongoji kizima hakuna aliyemdanganya. Alikiona kikombe cha kijani, mikono miwili midogo, maji yaliyojaa pomoni. Baridi ya kutia ganzi meno. Maji yaliyochemshwa hayakosi harufu ya moshi, na yale hayakuwa nayo hata kidogo. Jibu la kweli alipewa mkononi, akalinywa, kisha akaandika kinyume chake.

Mwalimu Mbonile alisimama mbele ya watu. Alisema kazi ile ilikuwa yake, saini ni yake, na kwamba aliona shaka akaipuuza kwa sababu watu walikuwa wanasubiri. Hakumtaja mwanafunzi yeyote. Alipomaliza alibaki amesimama, mikono haijui iende wapi, mpaka mzee mmoja akamwambia akae. Mama Lucky alimtazama mwalimu kama anayetazama mtu wa mbali sana.

Asubuhi iliyofuata Atupele alipiga magoti mbele ya mafiga kama kawaida. Sufuria lilipoanza kutokota alishindwa kuliepua. Alikaa akilitazama mpaka maji yakapungua nusu, na mama yake alipomkuta hapo akamwuliza kama anaumwa, aliangua kilio. Alieleza yote, hata lile la "tulifika kila nyumba". Mama yake hakumkumbatia mara moja. Aliketi kwenye kigoda, akashika tama. Kisha akamwambia afute uso, avae, aende kwa mwalimu wake akaseme kwa mdomo wake mwenyewe, maana mwalimu huyo alikuwa amebeba lawama za watu wawili.

Alimkuta Mwalimu Mbonile ofisini peke yake. Alitegemea mambo mawili, kuchapwa au kuambiwa si kosa lako. Hakupata hata moja.

"Sitakuambia huna kosa, kwa sababu unalo," Mwalimu alisema. "Zabron alikuambia mtazame. Mimi nilikuuliza kama mlitazama, ukanijibu kwa ujanja. Lakini pia sitakubali ulibebe peke yako. Mimi ni mtu mzima, nilipaswa kupanda kule nikaone."

"Nifanye nini, Mwalimu?"

"Hakuna cha kufanya kikamrudisha yule mtoto. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini Nesi ameomba vidonge vingine, na safari hii wilayani wanataka kujua hali halisi ya kila nyumba. Tutaanza upya. Wewe utarudi Mlimani na Zabron, na mimi nitakuwa nyuma yenu."

Atupele aliomba apewe Bondeni. Aliomba akilia. Mwalimu akatikisa kichwa.

Kwanza waliandika swali. Kazi ambayo mara ya kwanza haikuchukua hata dakika, sasa ilichukua somo zima. Mwalimu alilifuta ubaoni kila mara. "Mnachemsha maji?" lilifutwa. "Mnachemsha maji ya kunywa?" nalo lilifutwa, kwa sababu Zabron alisema mtu akiulizwa hivyo baada ya msiba ataona aibu, atasema ndiyo hata kama hapana. Darasa zima lilimgeukia Zabron. Hakuna aliyemwita Kobe siku hiyo, wala baadaye. Mwishowe walikubaliana: Tunaomba utuoneshe maji ambayo familia imekunywa leo, na utueleze yalivyoandaliwa. Na kwa sababu ya heshima ya majiko, Mwalimu alikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaomba akina mama watangaziwe kanisani Jumapili kwamba watoto watakuja, na watakuja kutazama. Njia ya kuingia jikoni kwa watu ilikuwapo siku zote. Ilihitaji kuombwa tu.

Nyumba moja ilichukua muda wa nyumba kumi za mwanzo. Walioneshwa ndoo zisizo na vifuniko, mitungi yenye utelezi, kata zinazochovywa humohumo huku mikono ikiingia mpaka kwenye kiwiko. Waliandika. Mama mmoja aliwafokea, nalo wakaliandika. Mwalimu aliwakataza kunywa maji popote. Karatasi ya Atupele ilikuwa chafu, imekatwakatwa, imedondokewa na matope. Hakuwa tena na hamu na rula.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ileile. Mwalimu alisimama penye uzio, akampa ishara aendelee. Zabron alitembea kando yake kwa hatua zake za polepole, na Atupele alishukuru kwamba hana haraka.

"Hodi, mama. Shikamoo."

Mama Lucky alikuwa jikoni. "Marahaba. Piteni."

Ndani palikuwa na giza na moshi. Viatu vyekundu vilikuwa vimening'inizwa msumarini ukutani, havijakanyaga hata tope. Atupele alivitazama. Zabron alitaka kumsaidia kusema, lakini Atupele akatikisa kichwa. Kwanza alipiga magoti.

"Mama, nilikuja nikakuuliza vibaya. Lucky alinipa maji yenyewe mkononi, nikanywa, na bado sikuyaona. Niliogopa kupitwa na wenzangu. Naomba unisamehe."

Mama Lucky alisogeza kuni motoni. Hakusema amesamehe. Mambo kama hayo hayasemwi jikoni kwa siku moja. Alinyanyuka, akachota kutoka katika chungu kidogo kilichofunikwa kwa sahani, akamletea kikombe. Kilikuwa cha plastiki, cha kijani.

"Kunywa," alisema.

Atupele alikipokea kwa mikono miwili. Mwalimu alikuwa amekataza. Alikitazama kikombe, akatazama chungu, akatazama sufuria dogo lililopinduliwa pembeni, ambalo si la kuogea.

"Mama, samahani," alisema. "Haya ya kunywa, umeyaandaaje?"

Mama Lucky alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Sasa ndiyo umeuliza," alisema. "Nimeyachemsha asubuhi mpaka yakatokota sana, nikayafunika, nikayaacha yapoe. Chungu hiki nakiosha kila siku. Tazama ndani."

Atupele alitazama ndani. Zabron naye akatazama, akaandika. Ndipo Atupele akanywa. Maji yalikuwa vuguvugu, yananuka moshi, hayana utamu wowote. Aliyanywa yote mpaka tone la mwisho.

"Siku ile nilikujibu kweli," Mama Lucky alisema akipokea kikombe. "Kweli yangu haikunisaidia kitu, kwa sababu wewe ulitaka neno tu la kuandika. Mtu akikujibu, mwanangu, kaa naye mpaka ujue anasema nini. Na macho uliyopewa uyatumie, hata kama yatakuchelewesha. Haya, nenda. Una nyumba nyingine?"

"Hapana, mama. Hapa ndipo mwisho."

Vidonge vya Mlimani vilifika kabla ya Krismasi. Nesi Ferista alipanda mwenyewe kufundisha namna ya kuvitumia, na vijana wakaizungushia chemchemi ukuta na kuchimba mfereji wa kupitisha maji ya mvua mbali. Ugonjwa ukakoma. Watu waliacha kusifu utamu wa maji yao. Mgeni aliyefika bado alipewa maji kwanza, lakini sasa yalinuka moshi, na wenyeji walimweleza kwa nini.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa kwanza, Mwalimu Mbonile aliingia darasa la saba, akayaandika tena maneno yake ubaoni: KUULIZA SI UJINGA. Aliwaambia wanafunzi kwamba methali hiyo ni nzuri, lakini inamtaka mtu aache haraka yake kwanza, maana asiye na subira ya kulisikia jibu na kulitazama ni afadhali asiulize. Hakuyafuta. Alimpa Atupele chaki, akamwambia aongeze chini yake neno moja analoona limepungua.

Atupele alifikiri kwa muda mrefu, na darasa likamsubiri. Kisha akaandika, polepole: TAZAMA.